Kadi Thelathini na Moja Ambazo Hazikurudi

4 Machi

Wifi,

Mchwa amekula kona ya barua yako sasa hivi. Nilikuwa nimeiweka juu ya meza ya mlangoni niisome mara ya pili, nihakikishe kama kweli umeandika lile neno "mzembe", nikageuka kufunga dirisha, kurudi namkuta anatafuna taratibu, macho ameyafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Ameanzia kwenye sahihi yako. Samahani, nilicheka kwanza ndipo nikamtoa karatasi mdomoni. Ana mwaka na miezi minne, hajui kama shangazi yake ni meneja.

Sasa hizo kadi. Unasema Jumamosi ile ya igizo kubwa, kabla hujaondoka kwenda kwenye mafunzo yako, ulihesabu ukakuta kadi za kurudia thelathini na moja hazipo, na aliyezipoteza ni mimi kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni. Wifi, kazi ya mlango naijua. Wakati wa mapumziko mtu akitaka kutoka nje kupunga upepo nampa kadi yenye namba, akirudi ananipa, naitundika msumarini. Siku ile walitoka watu hamsini na wawili. Walirudi ishirini na moja. Sikuangusha hata moja. Waliondoka nazo, wamezitia mifukoni wakaenda zao makwao. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nawaona migongo.

Nilikwambia usiku ule ule, ukanijibu niache visingizio kwa sababu wageni wako wanasubiri chai.

Najua tarehe 28 kamati inakaa kuamua kama Jumba letu la maigizo litaendelea au funguo zirudishwe kwa mwenye jengo aweke duka lake la vigae. Nami hilo linaninyima raha kuliko unavyodhani. Hapa mlangoni ndipo mahali pekee ninapoitwa kwa kazi yangu. Kwingine kote mimi ni mke wa fulani au mama wa fulani. Kwa hiyo usinifanye adui wa Jumba.

Umesema nizitafute kadi. Haya, nitazitafuta. Watu wengi ni wa mitaa hii hii, sura zao nazijua.

Kaka yako hajambo, anakusalimu. Mimi nakusalimu kwa shida.

Mama Mchwa, mlangoni

*

7 Machi

Kwa mhudumu wa mlango,

Barua yako nimeipata kwa dereva wa mizigo. Nimeandika cheo chako hapo juu na sio "wifi" kwa sababu haya ni mambo ya kazi, na ndiyo maana nataka yaandikwe wala yasisemwe kwa simu. Kwenye simu unalia.

Moja, hadhira haikuondoka. Ninazo fomu za maoni. Baada ya igizo nilizigawa mwenyewe pale mlango wa kutokea, zikajazwa thelathini na nane. Kati ya hizo, thelathini na tano zimesema "nimeridhika sana". Watu walioridhika hawakimbii. Huku tunafundishwa na watu waliosomea uongozi wa vikundi vya sanaa dunia nzima kwamba takwimu ndizo zinazosema, si macho ya mtu mwenye usingizi na mtoto mgongoni.

Kamati nitaiambia hivi: watu wanatupenda, tatizo ni matangazo tu. Hiyo ndiyo taarifa itakayookoa Jumba. Usiivuruge.

Pili, zile kadi mama alizikata kwa mkono wake kutoka kwenye maboksi ya viatu, siku tulipofungua, akaziandika namba kwa wino mwekundu. Wewe hukuwepo, ulikuwa hujaolewa. Kwako ni vipande vya boksi. Kadi namba moja nilikuwa nimepanga kuitia fremu ofisini.

Tatu, sheria ya kutoingiza watoto walio chini ya miaka saba imewekwa kwa ajili ya kila mtu, na meza ya mlangoni iko ndani ya Jumba. Sijui ni lugha gani nitumie uelewe.

Tarehe 20 nataka kadi zote sitini zikiwa kamili. Zikipungua, mlango nitampa mtu mwingine anayejua kuhesabu.

Meneja

*

13 Machi

Wifi (mimi nitakuita hivyo hivyo, cheo hicho nilipewa na kaka yako, wewe huwezi kunivua),

Ninazo thelathini. Nimezunguka siku nne, Mchwa mgongoni, mwavuli mkononi. Nilikuwa nabisha hodi nasema, "Samahani, nimefuata kadi ya Jumba, meneja amenikalia kooni." Watu walicheka, wakaanza kupekua. Kadi nyingine ungeona zilipokuwa ungelia. Kinyozi wa kona, namba 22 anazolea poda. Nesi wa zahanati namba 40 aliibandika kwenye mtungi wa maji iwe kifuniko. Yule mzee anayetengeneza saa mbovu ameikunja mara nne na kuisukumiza chini ya mguu wa meza, nilipoichomoa meza ikainama, ikabidi tumtafutie kijiti.

Lakini wifi, huwezi kumnyang'anya mtu kitu mlangoni kwake ukaondoka bila kusema neno. Nikawa nauliza, "Mbona hukurudi ndani?" Walivyonijibu nikaandika nyuma ya kadi yake yeye mwenyewe, maana daftari sikubeba na kichwa changu si kabati. Nakunakilia.

Namba 14, mama wa cherehani: "Mnaanza saa kumi na mbili kamili, na mimi ndio kwanza nafunga kazi. Nikaingia nimechelewa dakika tano, meneja wenu akanimulika tochi usoni kama mwizi wa kuku. Mapumziko yalipofika nikasema asante, yamenitosha."

Namba 9, muuza maziwa: "Nilikuja kuona igizo. Nikaona shukrani. Tumeshukuru mfadhili, tumemshukuru mke wa mfadhili, tumeshukuru mpaka jenereta. Igizo linaanza mimi nimeshachoka kupiga makofi."

Namba 22, kinyozi: "Safu mbili za mbele mmezifunga utepe, za wageni. Wageni wamekuja wanne. Mimi nimekaa nyuma ya viti vitupu kumi na viwili nimeangalia migongo ya viti. Viti havijui kuigiza, shemeji."

Namba 40, nesi: "Mtoto nilimwacha kwa jirani. Kila nikicheka nakumbuka analia. Nikatoka kwenda kumchungulia mara moja, alivyonikumbatia, ningemwachaje tena?" Wa namna hii wako kumi na mmoja, wifi. Kumi na mmoja kati ya thelathini. Nimewahesabu kwa vidole, na mimi eti sijui kuhesabu.

Na hakuna hata mmoja aliyesema igizo ni baya. Wote wananiuliza, "Hivi yule binti mwishowe alipata ile barua?" Nimeshawasimulia mwisho wa igizo mara thelathini. Fundi wa friji alikaribia kutoa machozi, akasema "kumbe!"

Sasa fomu zako. Nilimuuliza kila mtu kama alijaza. Wakanishangaa, wangejazaje na fomu zinagawiwa mwishoni, wao walishaondoka? Mimi shule niliishia darasa la saba, labda sijui. Lakini naona kama umewauliza waliobaki kama wangependa kubaki.

Iliyobaki ni moja tu, kadi namba moja. Hiyo najua iliko. Usiniulize sasa.

Nina matumaini, wifi, sikufichi. Haya yote yanatengenezeka. Utepe ni wa kukata kwa mkasi.

Mama Mchwa

*

17 Machi

Wewe,

Nimesoma barua yako mara mbili. Nilikutuma ulete kadi. Wewe umekwenda kunitangaza mtaa kwa mtaa, "meneja amenikalia kooni", kwa kinyozi, kwa muuza maziwa, mpaka zahanati. Umekusanya umbea ukaufunga kwenye kadi za mama yangu kwa kalamu ya bei rahisi, halafu unaniambia una matumaini.

Huo si utafiti. Utafiti una taratibu. Maswali huandaliwa, humuulizi mtu "mbona hukurudi" ukiwa umemsimamia mlangoni na mtoto analia. Mtu akitaka uondoke atasema lolote. Na tangu lini kinyozi akatufundisha kupanga viti? Safu zile mbili ndizo zinazotuletea wafadhili, na wafadhili ndio wanaowasha taa unazokaa chini yake ukiniandikia kejeli.

Tangu siku ya kwanza ulipoingia nyumbani kwetu unajifanya mpole. Kaka amepofuka kwa mapenzi, mama naye anakusifia "mkwe wangu, mkwe wangu". Mimi nakuona.

Kadi zote umpe dereva. Usimwonyeshe mtu yeyote, hasa mwenyekiti. Na hiyo namba moja, kama umeificha kunikomoa au yule mtoto wako ameila, sema.

Meneja

*

22 Machi

Kwa mama wa mlangoni,

Habari za siku. Naandika kwa niaba ya kamati. Tumepokea taarifa ya meneja kutoka mafunzoni, na nikuambie ukweli, katika miaka kumi ya kukaa na kamati hii sijasoma taarifa iliyonikosesha usingizi kama hiyo. Ameeleza alivyopita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu walioondoka katikati ya igizo, na majibu yao ameyaweka yalivyo. Kuna sentensi moja nimeiandika ubaoni ofisini: "Tumekuwa tukiwauliza waliobaki kama wangependa kubaki." Ni aibu yetu sote.

Hata hivyo wajumbe wawili wanadai majibu haya yametungwa. Wanataka kuziona kadi zenyewe. Meneja anasema ziko kwako kwa kuhifadhiwa tu. Tafadhali zilete tarehe 28, saa nne asubuhi. Bila hizo sidhani kama nitaweza kuwazuia wasirudishe funguo.

Msalimie mtoto.

Mwenyekiti wa kamati

*

23 Machi

Wifi,

Kumbe ulipita nyumba kwa nyumba! Kwa miguu ipi? Mvua ile ilikunyeshea ukiwa umekaa darasani kwenye kiti cha kuzunguka? Na aliyekuwa mgongoni mwako nani, begi la kompyuta?

Juzi ni umbea, leo ni taarifa. Juzi kinyozi hawezi kutufundisha, leo kinyozi anamkosesha mwenyekiti usingizi. Umenivua maneno yangu ukavaa, wala hukuyafua. Niliposoma barua ya mwenyekiti nilikaa chini hapa mlangoni, Mchwa akaja akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, anafanya hivyo akiona machozi, ananisukuma uso kama anataka kuurudisha mahali pake.

Dereva alipita, sikumpa kitu. Kadi ninazo. Zote zina mwandiko wangu, ule mbovu, wa kupanda na kushuka. Tarehe 28 nitaziweka mezani, kila mwenye macho ataona nani alipita nyumba kwa nyumba. Sitasema neno. Sitahitaji.

Na kwa kuwa umetaka kujua habari za kadi namba moja, sikia.

Kadi namba moja anayo mama. Mama yako. Uliambiwa mguu unamsumbua hatakuja, lakini alikuja. Alitaka akushtukize. Alivaa ile nguo ya kijani, akakaa safu ya pili, utepe hakuuona. Ukaja na wageni wako wanne. Ukamwambia, "Bibi, samahani, hapa ni pa wageni. Nyuma kuna nafasi." Bibi! Akainuka na ule mguu wake, akaenda nyuma. Mapumziko yalipofika alikuja kwangu akaomba kadi namba moja, nikampa, akaondoka.

Nilipokwenda kwake kuifuata nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine. Akasema, "Taa zilikuwa zimezimwa, mwanangu hakunitambua. Ana mambo mengi." Kadi hakunipa. Alisema ataitoa kwa aliyemwinua.

Yeye anasema taa zilikuwa zimezimwa. Mimi nilikuwa mlangoni, wifi. Taa zilikuwa zinawaka.

Hilo sikuliandika kwenye kadi yoyote, na kamati sitaiambia. Si kwa ajili yako.

Mama Mchwa

*

26 Machi

Taa zilikuwa zinawaka.

Mfadhili alikuwa amenishika mkono ananiambia jinsi anavyopenda watu wanaojiendesha kisasa. Nikamwona mama na ile nguo ya kijani na viatu vya plastiki. Maneno yalitoka yenyewe. Nilidhani nitamfuata nyuma nimwambie kitu. Halafu chai ikaiva.

Usiniandikie tena kuhusu hilo. Na usijisifu kwa kunyamaza, kunyamaza kwako nakujua, ni mkuki.

Nenda na kadi zako. Vaa viatu vya kufunga, chumba cha kamati sakafu yake inateleza. Yule mjumbe mwenye miwani atakukatiza, mwache amalize ndipo uanze upya kutoka mwanzo. Anachoka haraka.

Sikupendi hata leo, usije ukajidanganya.

(hakuna sahihi, Mchwa asiwe na pa kuanzia)

*

6 Aprili

Wifi,

Naandika wakati wa mapumziko, nina dakika chache. Hukuniuliza mambo ya kikao na mimi sikukuandikia, maana nilitaka kwanza hasira ipungue. Imepungua kidogo. Robo hivi.

Nilifika na kadi zangu kwenye mkoba wa nepi. Kabla sijazitoa mwenyekiti akasema kuna barua imeingia asubuhi, akasoma. Yako. Mistari mitatu: kwamba kazi ya kadi ni yangu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwamba uliiwasilisha kama yako na ulifanya vibaya, na kwamba kama kuna mtu anataka kujua lolote kuhusu watazamaji wa Jumba aniulize mimi. Nilikuwa nimejiandaa kukuadhiri, sasa hata nafasi hiyo ukaninyima. Ni tabia yako.

Yule wa miwani kweli alinikatiza. Nikamwacha amalize, nikaanza upya kutoka mwanzo. Mara ya tatu akavua miwani akasema, "Endelea, mama, endelea tu." Jumba limepewa maonyesho matatu ya majaribio. Viti vikijaa mpaka mwisho wa igizo, si mwanzo tu, funguo zinabaki. Visipojaa, vigae.

Leo ndilo la kwanza. Tumeanza saa tisa mchana, Jumapili, siku ambayo hata cherehani zinapumzika, na mwanga wa madirisha unatosha. Utepe nimeukata mimi mwenyewe, Mchwa amefungwa nao kichwani kama bibi harusi. Shukrani zimechukua dakika mbili, muuza maziwa alisimama akapiga makofi peke yake. Mbele kabisa tumetandika mikeka, watoto wamekaa na mama zao. Wanapiga kelele, sikufichi. Mmoja alimwambia mwigizaji aache kusema uongo, barua iko nyuma ya mlango. Jumba zima lilicheka, na mwigizaji akacheka, halafu akaendelea vizuri zaidi.

Mapumziko wametoka watu arobaini na nne. Wifi, moyo ulikuwa unanidunda kama ngoma mbovu. Nilisimama hapa msumarini nikiwasubiri. Akarudi kinyozi, namba 22, imepanguswa poda. Nesi na mwanawe. Mama wa cherehani akanitupia kadi kwenye mkono, "Shika yako, usije tena kwangu kunipekulia makabati." Wamerudi arobaini na watatu. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu ya wewe.

Aliyebaki ni mama. Leo alikuja mapema, na ile nguo ya kijani, nikamweka safu ya pili, kiti kile kile. Kadi namba moja alikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Sasa amekaa kwenye ngazi za nje, kaishikilia kwa mikono yote miwili, nimemwambia kengele iko karibu, ananijibu anapunga upepo. Nimemwambia nitampokelea kadi. Akasema, "Si wewe uliyeniinua kitini." Kwa hiyo uelewe, msumari wa kwanza uko mtupu, na kazi ya mlango haijaisha mpaka kadi zote zirudi. Uliniambia hivyo wewe mwenyewe. Mafunzo yako yanaisha lini? Mimi kukusamehe bado, tutagombana kwanza, tena kwa sauti, lakini mama mguu wake

subiri, kuna mtu anagonga mlango wa pembeni kwa teke, anaita, "Wewe wifi! Mchana kweupe umejifungia, unaogopa nini? Fungua, mikono imejaa mizigo!" na duniani anayeniita hivyo ni mmoja tu, na mama amesikia sauti, amekwisha kuinuka kwenye ngazi na kadi yake, Mchwa naye anamkimbilia na utepe unaburuzika, ngoja ni